Kabla ya kusaini barua ya ufadhili
Binti yangu alipokubaliwa na vyuo viwili, nilikimbilia kile kilichoahidi msaada mkubwa zaidi. Nilipoketi na kalamu ndipo nikaona: zaidi ya nusu ya "msaada" huo ulikuwa mkopo.

Kwa hiyo anza hapo. Ruzuku na ufadhili usiorudishwa viandike upande mmoja, mikopo upande mwingine. Jumlisha gharama zote za mwaka: ada, malazi, chakula, vitabu, nauli. Toa ule upande wa kwanza tu. Kinachobaki ndicho mtakacholipa, iwe leo au baadaye pamoja na riba, na ndicho cha kulinganisha kati ya chuo na chuo.

Uliza pia kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au hadi mwanao amalize masomo, na alama zikishuka itakuwaje. Uliza kwa maandishi. Majibu ya simu hayana shahidi.

Kulipa kwa awamu hunifaa mimi ninayesubiri mshahara, mradi hakuna riba. Chunguza ada ya kujiunga na mpango huo wa awamu, na faini ya kuchelewa.

Kipato kikipungua ghafla, iandikie ofisi ya ufadhili, ambatisha vielelezo, uombe wakufikirie upya. Aibu iweke kando.