Soma Riwaya za Kutisha na za Kisayansi Ukiwa na Penseli

Vijana wanaoandika hadithi hapa Tanga huniuliza wasome nini ili waweze kuandika majini, mizimu na vyombo vya angani. Mimi huwauliza wanasomaje. Mtu anaweza kumaliza rafu nzima ya vitabu vya kutisha akabaki na jambo moja tu, kwamba aliogopa. Msomaji wa kawaida hilo linamtosha, kalipa hela yake kaogopa. Wewe unayetaka kuandika, bado.

Mara ya kwanza soma kwa starehe. Vya kutisha visome usiku, hasa umeme ukikatika. Vya kisayansi mchana, maana vinataka kichwa kilicholala vizuri. Kitabu kikikuchosha mapema, kirudishe. Hakuna mtihani.

Kazi inaanza mara ya pili, na penseli mkononi. (Daftari pembeni, tafadhali. Kitabu cha maktaba hakichorwi.) Kwanza tafuta uongo mkubwa. Kila riwaya ya namna hii ina jambo moja ambalo mwandishi anakuomba ulimeze bila kuhoji. Mzee wetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga, katika Kusadikika ya mwaka 1951 anakuomba ukubali kwamba iko nchi inayoelea angani. Basi. Ukishakubali hilo, mengine yote unayafahamu: mfalme, waziri mwenye fitina, mshtakiwa Karama anayejitetea mbele ya baraza, wajumbe waliotumwa pande sita wakarudi na habari za manufaa na malipo yao yakawa kifungo. Nchi iko juu, fitina ni za huku chini. Uandike uongo huo kwa sentensi moja. Ukiona unahitaji sentensi tatu, huyo mwandishi kakuzidishia, na mara nyingi utakuta katikati ya kitabu anahangaika kujieleza.

Halafu angalia uongo huo umepewa kurasa ngapi, na matokeo yake kurasa ngapi. Chukua Frankenstein. Mary Shelley aliianza mwaka 1816 akiwa na miaka 18, ikatoka 1818. Wengi tunaijua kwa filamu, na filamu zimetujaza mitambo na radi. Fungua kitabu chenyewe: kiumbe anapewa uhai kwa mistari michache tu, na Victor, mwanasayansi aliyemuumba, anakataa katakata kueleza siri yake. Kurasa nyingi zimekwenda kwa yaliyofuata. Aliyemuumba anamkimbia, kiumbe anajificha kwenye kibanda na kujifunza kusema kwa kuchungulia familia ya watu kupitia ufa wa ukuta. Hapo ndipo pa kupigia mstari. Vijana wengi wananiletea hadithi yenye kurasa nne za injini ya chombo na hata mstari mmoja juu ya mke wa rubani. Kimeruka, sawa, sasa nani kabaki na watoto?

Kwa vitabu vya kutisha, weka alama pale mwili uliposisimka, kisha usiendelee mbele. Rudi nyuma. Hofu haiwekwi pale unapoisikia, iliwekwa mapema na wewe ukaipita kama habari ya kawaida. Nitunge mfano hapahapa. "Mama Zuhura alipotoka alfajiri kutawadha, alikuta ndoo imejaa." Sentensi hii haimtishi mtu. Sasa weka nyuma yake, kurasa mbili kabla, kwamba mama huyu anaishi peke yake, mlango wa uani hufunga kwa komeo, na bomba halijatoa maji tangu juzi. Jioni alipoiinamisha ile ndoo ilitoa matone tu, akanung'unika, akalala. Soma tena sentensi ya ndoo. Ukitaka kumuumiza msomaji zaidi, ongeza kwamba maji yale yalikuwa vuguvugu. Usiongeze kitu kingine. Neno "kutisha" halipo, damu haipo, jini hajatajwa.

Damu, kwa maoni yangu, ni uvivu. Ukurasa wenye damu nyingi upite haraka.

Usiishie kwenye vitabu. Simulizi zetu zisome kwa penseli hiyohiyo. Pale Mapango ya Amboni kuna kisa cha wageni walioingia na mbwa wao wakapotea, na mbwa akaja kuonekana huko Kilimanjaro. Sina haja ya kubishana kama ni kweli. Ninachokiona ni ufundi: aliyerudi ni yule asiyeweza kusema. Angerudi mwenye mbwa, kisa kingekufa siku hiyohiyo, maana angeulizwa na angejibu. Au Popobawa, jini aliyewakesha watu wa Pemba na Unguja mwaka 1995 hadi wakalala nje kwa makundi. Ilisimuliwa kwamba alimwamuru aliyemtokea akawaambie wenzake, la sivyo atarudi. Uvumi uliobeba ndani yake sababu ya kusambazwa! Ukikutana na ujanja kama huo, nakili kwenye daftari.

Na wa sayansi tunaye wetu baharini. Silikanti, samaki wa kale, alidhaniwa ametoweka pamoja na madainosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamewanasa wengi, hasa kwenye majarife ya papa, hadi pwani yetu ikawekwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Zoezi: andika nusu ukurasa ambamo samaki huyo anafanya jambo moja lisilowezekana. Moja. Yaliyobaki yawe ya kweli tupu, jarife ni la nani, ngalawa imekodiwa kwa shilingi ngapi, nani kasimama ufukweni anasubiri kitoweo.

Vitabu vyenyewe si shida kuvipata. Maktaba ya mkoa ipo, wauza vitabu vya mtumba wapo, na vile vya kale kama hicho cha Shelley havina tena haki miliki, unavipakua bure kwenye simu. Kiingereza chake ni kizito, nenda na kamusi, sura moja kwa siku. Kwa Kiswahili mtafute Katama Mkangi, Walenisi, 1995, anayekupeleka hadi sayari nyingine.

Nusu ukurasa wako ukikamilika, usimpe mwandishi mwenzako. Msomee shangazi akiwa anachambua mchele. Akikukatiza kuuliza, "Na mama yake muda wote huo alikuwa wapi?" weka alama hapo, ukaparekebishe. Akiacha kuchambua, endelea kusoma.