Kutibu kwa joto titani iliyochapwa kwa leza: hatua kwa hatua

Ratiba nyingi za tanuri zilitungwa kwa ajili ya metali iliyofuliwa au kumiminwa kwenye kalibu. Kipande kilichochapwa kwa leza kutoka kwenye unga wa metali kimeganda tabaka kwa tabaka, kwa kasi kubwa mno, hivyo muundo wake wa ndani ni mwingine kabisa. Hapa natumia aloi ya Ti-6Al-4V, yaani titani yenye takriban asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi.

1. Chapa vijiti vya majaribio pamoja na kipande, kwenye bamba lilelile la msingi vinapojengwa, kisha vitie tanurini pamoja. Vijiti vya kazi nyingine havikuambii chochote.

2. Ondoa unga wote, hata ule uliojificha kwenye mifereji ya ndani, maana ukipata moto utagandamana na hautoki tena. Futa mafuta na alama za vidole.

3. Usikate kipande kutoka kwenye bamba bado. Mikazo iliyofungiwa ndani inangoja upenyo tu. Ukikata mapema, kipande kinajikunja.

4. Tumia tanuri la ombwe au la argoni safi, gesi isiyoungana na metali. Titani yenye moto hunywa oksijeni, na ngozi yake hugeuka tabaka gumu linalopasuka upesi. Ukitoa kipande chenye rangi ya samawati au kijivu, ujue gesi haikuwa safi au tanuri linavuja.

5. Pandisha joto hadi 800°C, shikilia saa 2, kisha acha kipoe taratibu humohumo tanurini. Funga themokapo (waya wa kupimia joto) kwenye kipande chenyewe, kwani namba inayosomwa kwenye ukuta wa tanuri hutangulia joto la kipande kinene.

Hatua hii ndiyo yenye mambo. Kabla ya moto, aloi imejaa sindano nyembamba za martensaiti, muundo mgumu unaotokea metali inapopoa ghafla: ina nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 1,100 au zaidi, lakini mara nyingi hukatika kabla ya kurefuka asilimia 10. Kwenye 800°C sindano hizo huvunjika kuwa vibamba vya alfa vyenye beta katikati yake; alfa na beta ni mipangilio miwili ya atomi za titani. Nguvu hushuka kuelekea megapaskali 1,000, na urefukaji hupanda. Mimi hukubali hasara hiyo bila kusita. Ila usivuke takriban 995°C: hapo yote hugeuka beta, chembe hukua ovyo, na urefukaji uliopata unaupoteza.

6. Kama kipande kitabeba mzigo unaojirudiarudia, vitundu vya ndani ndivyo adui. Kibanwe kwa argoni moto, kwa kawaida 920°C na megapaskali 100 kwa saa 2, na hatua ya 5 unaweza kuiruka. Vitundu vinavyofunguka usoni havizibiki, kwa sababu gesi huingia humo humo.

7. Sasa kata kwa waya wa umeme au msumeno, kisha vuta vile vijiti vya majaribio mpaka vikatike, upime nguvu na urefukaji.

Kwa AlSi10Mg, aloi ya alumini yenye silikoni na magnesi kidogo, usihamishe mawazo haya. Nguvu yake hutoka kwenye wavu mwembamba wa silikoni, na kuiweka karibu na 530°C huuvunja wavu huo ukawa punje. Tena gesi iliyonaswa inaweza kuvimbisha vitundu. Unapotaka nguvu, jaribu kuikomaza, yaani kuiacha kwenye joto la chini ili iimarike, moja kwa moja kwenye 160–170°C, ukijua kwamba joto hilo haliondoi mikazo mingi.