Jinsi ya kusoma amri za rais wa Marekani kuhusu nishati na mazingira

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Donald Trump alitia saini amri kadhaa za nishati, na jioni hiyo hiyo habari zikaenea kwamba kila kitu kimebadilika. Si kweli. Amri ya rais ni agizo kwa idara zilizo chini yake. Haifuti sheria iliyopitishwa na Kongresi. Ili ujue nini kimebadilika leo na nini bado ni ahadi, soma hivi.

Anza na maandishi kamili. Yanapatikana bure katika Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya shirikisho, siku chache baada ya saini. Kila amri ina namba: ile kuu ya nishati ni 14154, ya kutangaza dharura ya nishati ni 14156. Usitegemee muhtasari wa Ikulu. Huo hueleza nia, na nia haitoi kibali cha kuchimba kisima.

Kisha pigia mstari vitenzi, kwa sababu uzito wa amri umo humo.

“Imefutwa” hufanya kazi papo hapo, lakini kwa mambo ambayo marais waliotangulia waliyaweka kwa kalamu yao tu. Amri 14154 ilifuta amri ya Jimmy Carter ya mwaka 1977, iliyolipatia Baraza la Ubora wa Mazingira, chombo kilicho chini ya Ikulu, nguvu ya kutunga kanuni za kuzibana idara zote. Baraza likaziondoa kanuni zake, na uamuzi huo ukaanza kutumika Aprili 11, 2025. Hata hivyo sheria mama ya tathmini ya mazingira, NEPA, bado ipo. Tathmini inaendelea kudaiwa. Kilichobadilika ni kwamba kila idara sasa ina utaratibu wake. Anayeomba kibali akiruka hatua hiyo kwa kudhani imefutwa, mradi wake unaweza kukwama mahakamani.

“Pitieni” na “wasilisheni mapendekezo” maana yake hakuna kilichobadilika bado. Fungua kifungu cha 6(f) cha amri hiyo hiyo. Kinaipa EPA, wakala wa mazingira, siku 30 kutoa mapendekezo kuhusu uamuzi wake wa 2009 kwamba gesi joto zinahatarisha afya. Hadi ulipofutwa Februari 2026, uamuzi huo ndio uliokuwa nguzo ya viwango vya gesi joto za magari. Siku 30 zilipita, viwango vikabaki. Pendekezo rasmi la kuuondoa lilitoka mwishoni mwa Julai 2025, zaidi ya miezi sita baada ya saini. Sababu ni sheria ya taratibu za utawala ya 1946: kanuni hufutwa kwa njia ile ile iliyotungwa, yaani pendekezo, maoni ya umma, majibu, kisha kanuni ya mwisho.

Kwenye maoni ndipo mtu wa kawaida ana nguvu, na inasikitisha kuona wengi wanaipoteza. Tafuta namba ya jalada la kanuni husika kwenye regulations.gov, tovuti ya serikali ya kupokea maoni; muda wa kutoa maoni huwa aghalabu siku 30 hadi 60. Taja kifungu unachokipinga au kukiunga mkono, weka vipimo na gharama, ambatanisha ushahidi. Barua moja iliyonakiliwa mara elfu haina uzito wa hoja moja nzito, kwa kuwa wakala asipoijibu hoja hiyo, jaji anaweza kuitengua kanuni nzima.

“Sitisheni” huuma haraka na huvunjika haraka. Siku ile ile ya kuapishwa, waraka wa rais (si amri yenye namba, kwa hiyo utafute peke yake) ulisimamisha vibali vipya vya miradi ya upepo. Desemba 2025 jaji wa shirikisho huko Massachusetts akautupilia mbali usitishaji huo.

Palipo na kodi, geukia Kongresi. Nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari jipya la umeme haikuondolewa na amri. Iliondolewa na sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025, na ikakoma baada ya Septemba 30.

Tangazo la dharura nalo halizai mamlaka mapya, linafungua yale yaliyomo tayari katika sheria. Aprili 2025 Wizara ya Mambo ya Ndani, inayosimamia ardhi ya umma, ilitumia mlango huo kufupisha tathmini ndogo za mazingira hadi siku 14 na kubwa hadi takriban siku 28. Mei 23 Wizara ya Nishati ikaagiza mtambo wa makaa ya mawe wa J.H. Campbell, Michigan, uendelee kuwashwa, zikiwa zimebaki siku nane ufungwe. Agizo hilo lilitolewa chini ya kifungu cha 202(c) cha Sheria ya Umeme ya Shirikisho, ambacho kikomo chake ni siku 90, ndiyo maana limekuwa likihuishwa. Weka tarehe ya ukomo kwenye kalenda yako.

Mikataba ya kimataifa ina saa yake. Notisi ya Marekani ya kujitoa Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi ilifika Umoja wa Mataifa Januari 27, 2025, na kujitoa kukaanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Kurudi huchukua siku 30 tu.

Mwisho, soma kifungu cha chini kabisa, kile kinachosema amri itekelezwe kwa kadiri sheria na fedha zilizopo zinavyoruhusu. Mara nyingi mawakili wa pande zote mbili huanzia hapo.