Kuhamisha chati za WhatsApp kwenda simu mpya bila kumaliza bando

Chati za WhatsApp hazikai kwenye laini. Zinakaa ndani ya simu. Ukihamisha laini, namba inahama na meseji zinabaki kule kule. Na programu inauliza kuhusu kurejesha mara moja tu, pale unaposajili namba. Ukipita hapo kwa haraka, itabidi uifute na kuisakinisha upya ili uulizwe tena.

Maelezo haya ni ya Android kwenda Android.

Hatua ya 1: Kabla ya kuchomoa laini

Sasisha WhatsApp kwenye simu zote mbili. Kama uliweka PIN ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili, hakikisha unaikumbuka, au ibadilishe sasa hivi ungali ndani. Ukiisahau na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7. Kama simu mpya itatumia namba tofauti, badilisha namba ndani ya WhatsApp kwenye simu ya zamani kwanza, ndipo uendelee.

Hatua ya 2: Jaribu QR

Simu ya zamani: Mipangilio, Chati, Hamisha chati, Anza. Simu mpya: sajili namba, kubali kuhamisha kutoka simu ya zamani, kisha skani kwa simu ya zamani ile QR (picha ya mraba yenye vidoti) itakayotokea kwenye mpya. Washa Wi-Fi na huduma ya mahali (location) kwenye zote mbili, ziweke karibu, usizime skrini. Chati zinapita moja kwa moja kati ya simu na simu, kwa hiyo bando haliguswi. Ikikubali, nenda hatua ya 5.

Ikigoma katikati, usifute chochote kwenye simu ya zamani. Chati bado zimo hata kama imekutoa.

Hatua ya 3: Kunakili folda

Hii ndiyo njia ya kuitegemea kuliko Google Drive, hifadhi ya Google ya mtandaoni. Bakapu (nakala ya akiba) ya Drive inakula bando mara mbili, kupanda na kushuka, na inagombania zile GB 15 za bure pamoja na Gmail na picha zako.

Kwenye simu ya zamani, ingia Mipangilio, Chati, Bakapu ya chati. Upande wa Google chagua isifanye kamwe, halafu bonyeza kitufe cha kufanya bakapu. Usitegemee ile inayojifanya yenyewe saa 8 usiku, kwa sababu meseji za leo hazimo.

Sasa fungua programu ya mafaili, hifadhi ya ndani ya simu, kisha Android/media/com.whatsapp/WhatsApp. Ndani kuna Databases (meseji), Media (picha, video, sauti) na Backups. WhatsApp Business iko com.whatsapp.w4b, usichanganye hizo mbili. Simu za zamani sana zina folda ya WhatsApp nje kabisa, si ndani ya Android/media. Kwenye simu mpya bado iweke ndani ya Android/media/com.whatsapp.

Ingia Databases utazame faili la meseji, msgstore.db.crypt14 au crypt15. Tarehe na saa yake lazima ziwe za sasa hivi. Kama ni za juzi, bakapu haikukamilika, na mara nyingi sababu ni hifadhi kujaa.

Nakili folda nzima kwa kadi ya kumbukumbu au waya wa USB na kompyuta. Ukitumia waya, chagua kuhamisha mafaili, maana simu huanza kwa kuchaji tu. Kama nafasi ni ndogo, acha WhatsApp Video ndani ya Media. Hiyo ndiyo nzito. Video hizo hazitafunguka, lakini maandishi yote yatakuwepo.

Kwenye simu mpya sakinisha WhatsApp bila kuifungua, ndipo ubandike folda. Makosa yanayokwamisha watu hapa ni haya:

Folda ndani ya folda. Ukibandika vibaya unapata WhatsApp/WhatsApp/Databases na programu haioni kitu.

Kubadilisha namba ya crypt. Faili la crypt14 libaki crypt14. Ukitaka kurudi siku ya nyuma, chukua lile lenye tarehe, kwa mfano msgstore-2025-01-14.1.db.crypt14, ondoa tarehe na ile .1 libaki msgstore.db.crypt14. Lile la sasa lipe jina jingine kwanza, usilifute.

Kusajili kwa namba nyingine. Faili limefungwa, na ufunguo unatoka kwa WhatsApp baada ya namba ile ile kuthibitishwa. Kama uliweka nenosiri la bakapu au ufunguo wa tarakimu 64, utaulizwa huo, na WhatsApp yenyewe haiwezi kukurudishia.

Hatua ya 4: Kusajili

Fungua, weka namba, ingiza msimbo wa SMS. Laini inaweza kubaki kwenye simu ya zamani, unausoma kule na kuuandika huku. Usimtajie fundi msimbo huo kwa simu, hata akiwa fundi wako wa siku zote.

Ikiomba kutafuta bakapu kwenye Google, kataa, itafute ndani ya simu. Ukiruhusu, inaweza kukuletea bakapu ya Drive ya mwaka jana. Kabla ya kubonyeza Rejesha, soma tarehe na ukubwa unaoonyeshwa. Ikisema hakuna bakapu, usibonyeze Ruka: toka, futa programu, rekebisha mahali folda ilipowekwa, rudia.

Hatua ya 5: Kagua

Fungua kundi lenye mambo mengi, panda juu hadi meseji za zamani, cheza sauti moja ya miezi mingi iliyopita. Kompyuta uliyokuwa umeiunganisha na WhatsApp utaiunganisha upya.

Kwenda iPhone, tumia Move to iOS, programu ya Apple, iPhone ikiwa mpya au imefutwa kabisa, zote zikiwa kwenye chaji. Rekodi za simu ulizopiga hazihami. Programu za kulipia zinazoahidi kukuhamishia kila kitu ziache. Zinataka ruhusa ya kusoma chati zako zote.

Wanaotumia GBWhatsApp, ile WhatsApp isiyo rasmi, wasitarajie bakapu yao kukubalika kwenye WhatsApp rasmi. Wahamishe kwanza picha na nyaraka wanazozihitaji kwa mkono.

Simu ya zamani isiuzwe wala kufutwa kabla ya wiki moja kupita.