Shokabzoba za mbele kwa mbio za dragi
Kabla hujashuka Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta shokabzoba za mbele za dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka), jiulize gari lako linaendeshwa na magurudumu yapi. Kama ni ya nyuma, chukua zinazofunguka, yaani kurefuka, kwa wepesi: pua iinuke, uzito uhamie nyuma, tairi zing'ang'anie lami. Kama ni ya mbele, mfano Vitz, geuza hesabu, kaza ufungukaji. Za mtumba nyingi hazina pa kurekebisha, usihadaike na rangi nyekundu inayozifanya zionekane za mbio. Zenye marekebisho, zungusha kitufe cha kurekebishia “tik” moja tu, yaani mlio mmoja, kushoto na kulia sawa, kisha rafiki akurekodi kwa simu kutoka ubavuni. Magurudumu ya mbele yakinyanyuka halafu yakatua kwa kishindo, umelegeza mno. Na upepo wa tairi usiuguse siku hiyo, utachanganyikiwa usijue kipi kimeleta mabadiliko.