Namna ya Kuchanganua Namba Kubwa kwa Vigawo Vyake Tasa

Tuchukue namba 123,456,789. Jumlisha kwanza tarakimu zake: unapata 45, ambayo inagawanyika kwa 9, kwa hiyo namba yenyewe pia inagawanyika kwa 9, na jibu ni 13,717,421. Tarakimu za jibu hili zina jumla ya 26, hivyo 3 haiwezi kuigawa tena bila baki.

Badala ya kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine hadi kukaribia kipeuo cha pili cha 13,717,421, ambacho ni takriban 3,703.7, tumia mbinu nzuri mno ya Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17: tafuta mraba unaoizidi namba hiyo kwa kiasi ambacho nacho ni mraba. 3,704² unaizidi kwa 2,195, ambayo si mraba. 3,705² unaizidi kwa 9,604, yaani 98². Basi vigawo ni 3,705 − 98 na 3,705 + 98, yaani 3,607 na 3,803. Mbinu hii hufaulu haraka pale tu vigawo viwili vinapokaribiana. Hakikisha kwamba vyote viwili ni tasa kwa kuvigawa kwa kila namba tasa isiyozidi 61.

Sasa una 3² × 3,607 × 3,803. Ili kupata idadi ya vigawo vyote vya namba yetu, ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 3 × 2 × 2, yaani vigawo 12. Jumla ya vigawo hivyo ni (1 + 3 + 9) × (1 + 3,607) × (1 + 3,803), yaani 13 × 3,608 × 3,804, sawa na 178,422,816. Aidha, kwa kuwa 3,607 ina kipeo witiri (yaani 1) na hubakiza 3 inapogawanywa kwa 4, namba yetu haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili ya namba kamili.