Namna ya Kuongeza Wasomaji wa Blogu ya Korosho na Kupata Kipato

Anayeandika blogu kutoka Mtwara au Lindi aanze na maswali ambayo wakulima huyauliza kila msimu, kwa sababu msomaji mpya hufika akitafuta jibu, wala hamtafuti mwandishi. Makala ya kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, iwe hewani kabla mikorosho haijachanua, na ile ya minada ya stakabadhi ghalani, ambako korosho zilizohifadhiwa ghalani kwa stakabadhi huuzwa, itoke mapema kabla ya Oktoba, ili Google iwe imekwisha kuitambua watu watakapoanza kuulizia bei. Kichwa kiwe swali lenyewe, kwa mfano “Salfa hupuliziwa lini kwenye mikorosho?”, jibu likae katika aya ya kwanza, na picha zipunguzwe ukubwa, maana wengi husoma kwa simu na vifurushi vidogo. Google Search Console, ambayo ni ya bure, huonyesha maneno yaliyowaleta wasomaji. Yageuze yawe makala.

Kuhusu fedha, AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hulipa salio likifika dola 100, na kulifikia huchukua muda. Kwa maoni yangu, muuza pembejeo wa Masasi au Nachingwea anayelipia tangazo kila mwezi ni mteja bora zaidi, mradi msomaji aelezwe wazi kwamba hilo ni tangazo la kulipiwa. Ukikusudia kuchapisha habari na matukio, ulizia kwanza leseni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.